Kumheshimu Mama na Kumlipia Mama

Katika sura ya 7 ya Injili ya Marko kuna ugomvi wa kisheria ambao mahubiri mengi huupita mbio. Yesu anawakabili Mafarisayo na waandishi juu ya mtu mwenye mali ambaye, badala ya kuwasaidia baba na mama yake, anatamka kwamba mali hiyo ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu. Akishatamka hivyo, kanuni ya waalimu wa wakati ule haikumruhusu tena kuitumia kwa ajili ya wazazi. Mtu huyo hakuiba wala hakumtukana mzazi. Alifuata utaratibu, na utaratibu ukamvua mzigo. Wengi wanakisoma kisa hiki kama onyo kwa watoto wachoyo, na mchoyo kweli yumo. Ila anayekemewa hasa ni mtunga kanuni. Kanuni ile iliondoa gharama ya mzazi mikononi mwa mtoto na haikuipeleka popote. Hekalu lilipata ahadi, mtoto akapata udhuru, mzazi akabaki mikono mitupu.

Swali la Korbani halijapitwa na wakati. Kila nchi inayobadilisha sheria ya nani alipie matunzo ya wazee huligusa upya, na kila mara husikika malalamiko yale yale msikitini, kanisani na barazani: serikali ikimpunguzia mtoto gharama ya mzazi wake, imeivunja amri ya kuwaheshimu wazazi. Hoja yangu ni kwamba malalamiko hayo yanachanganya mambo mawili ambayo dini zenyewe hazikuyachanganya. Kuna wajibu wa mtoto kwa mzazi, ambao hakuna bunge linaloweza kuufuta. Na kuna bili ya uzee mrefu wenye maradhi, ambayo ni suala la bahati, na bahati mbaya ya mtu mmoja ni haki ichangiwe na wengi. Sheria inayohamisha bili kutoka kwa mtoto kwenda kwenye mfuko wa wote haijamgusa Mungu. Sheria ya kuogopwa ni inayoihamisha isifike kwa mtu, au inayomtwisha mtoto asiyeweza kuibeba.

Tuitazame bili yenyewe. Mzee wa miaka 78 aliyepigwa na kiharusi akapooza upande mmoja anatakiwa kugeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, la sivyo ngozi ya kiunoni na visiginoni inachubuka, inaoza, na kidonda kinafika mfupani. Analishwa polepole, kichwa kimeinuliwa, ili uji usiingie kwenye njia ya hewa. Kuna nepi za watu wazima, mpira wa kutandika chini ya shuka, sabuni ya kila siku, gari la kwenda kliniki kwa sababu bodaboda haimfai tena, na mtu mwenye nguvu za kumnyanyua bila kumtegua bega. Hospitali ilishamruhusu zamani. Bima ya afya, kwa aliye nayo, ililipa siku za wodini ikafunga faili, maana imeundwa kwa ajili ya ugonjwa unaopona au unaoua. Huu haufanyi lolote kati ya hayo. Unaweza kukaa miaka sita. Maandiko yetu matakatifu yaliandikwa katika dunia ambamo mtu aliyefikia hali hiyo mara nyingi hakudumu: kidonda kikioza au kifua kikijaa, mwisho ulikuwa karibu. Amri haijabadilika, lakini kiasi kinachodaiwa kwa jina lake kimeongezeka mno, na kinamwangukia mmoja huku jirani yake, ambaye mama yake alifariki usingizini, hadaiwi hata senti.

Uingereza inafaa kutazamwa kwa sababu imejaribu njia zaidi ya moja. Sheria ya maskini ya mwaka 1601, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, iliwalazimu watoto wenye uwezo kuwakimu wazazi fukara. Kwa sura mbalimbali ilidumu karibu miaka 350. Mwaka 1948 Bunge liliifuta: tangu hapo mtu akawajibika kisheria kwa mwenzi wake na kwa watoto wake wadogo tu, na mtoto mtu mzima hakudaiwa tena na halmashauri gharama za mama yake. Hadi hapo sioni dhambi. Tatizo ni kwamba nchi hiyo iliacha shimo mahali pengine. Mwenye saratani hutibiwa bure na huduma ya afya ya taifa. Mwenye ugonjwa wa kusahau, ambaye hahitaji upasuaji bali mtu wa kumwogesha na kumzuia asitoke nje usiku, hupimwa mali kwanza, na huko Uingereza yenyewe akiwa na zaidi ya pauni 23,250 anajilipia makao ya wazee, mara nyingi kwa kuuza nyumba. Mwaka 2021 serikali iliahidi kikomo cha pauni 86,000, kwamba hakuna atakayetoa zaidi ya hapo maishani mwake kwa ajili ya matunzo. Kikomo kiliahirishwa, kisha Julai 2024 kikafutwa kabla hakijamfaa mtu hata mmoja. Wazee wawili waliofanya kazi sawa na kulipa kodi sawa wanaachana mwishoni kwa sababu ugonjwa wa mmoja umeingia kwenye damu na wa mwenzake umeingia kwenye kumbukumbu. Sijui theolojia inayoweza kulitetea hilo.

Marekani imefika mbali zaidi, na huko Korbani imerudi kwa sura mpya. Mpango wa Medicaid, ulioanzishwa mwaka 1965 kwa ajili ya watu wa kipato cha chini, ndio unaolipia sehemu kubwa ya gharama za makao ya wazee, lakini kwa yule tu aliyekwisha kuishiwa. Basi wenye nyumba wakaanza kuwaandikia watoto hati mapema ili waonekane hawana kitu. Serikali ikajibu: tangu mwaka 1993 majimbo yanatakiwa kudai fidia kwenye mirathi ya marehemu, na sheria iliyotiwa saini mwaka 2006 ikarefusha muda wa kuchunguza mali zilizogawiwa kutoka miaka 3 hadi 5. Wapo wanaowaita wazee hao matapeli. Mimi naona sheria iliyowaambia watu kwamba njia pekee ya kuhudumiwa ni kufilisika imewafundisha kufilisika kwa mpango. Na pale mpango unaposhindikana, sheria za zamani za kuwawajibisha watoto bado zipo kwenye vitabu vya baadhi ya majimbo. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya Pennsylvania ilimwamuru mwanamume mmoja alipe takriban dola 93,000 za kituo alikohudumiwa mama yake. Mume alikuwepo, na watoto wengine walikuwepo, lakini mahakama haikukilazimu kituo kianze nao. Kituo kilimchagua wa kumdai, kikamdai. Ikiwa huko ndiko kumheshimu mama, basi heshima imekabidhiwa idara ya madeni.

Hapa mwenye kushika dini ana haki ya kunisimamisha. Atasema: maneno yako ni mazuri, lakini vitabu havizungumzii mapenzi matupu, vinazungumzia mali. Ni kweli. Qur'ani, sura ya 2 aya ya 215, ikiulizwa watu watoe nini, inawataja wazazi kabla ya yatima na maskini. Imo hadithi mashuhuri ya Mtume inayomwambia mtu kuwa yeye na mali yake ni vya baba yake. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, unawataka watoto na wajukuu wa mjane waanze kumlipa fadhila nyumbani, na unamweka asiyewatunza wa kwake chini ya asiyeamini. Wanafalsafa waliojaribu kuufuta wajibu huu hawanishawishi. Jane English, Mmarekani ambaye makala yake ilichapishwa mwaka 1979, alidai kwamba watoto wakubwa hawawiwi kitu na wazazi kwa sababu ya kulelewa, na kwamba kinachowafunga ni urafiki, ukiwapo. Ana hoja anaposema malezi si mkopo. Lakini urafiki unaweza kuvunjwa kwa ugomvi wa Krismasi moja, na mtu aliyewahi kuona familia ya Kiafrika ikigombana na bado ikikutana kwenye kitanda cha mgonjwa anajua kwamba kinachowakutanisha ni kizito kuliko hicho.

Hata hivyo, visomeni vitabu hivyo hadi mwisho. Sura ile ya Timotheo inaeleza orodha ya wajane wanaolishwa na kanisa, umri wa kuandikishwa ni miaka 60, na sababu ya kuwataka jamaa wabebe wao imetajwa waziwazi: mfuko uwatoshe wasio na mtu. Ni kanuni ya nani atangulie pesa zikiwa chache. Haimhukumu asiye na uwezo, wala haisemi mjane asiye na mtoto akajitafutie. Mafakihi wa Kishafi, madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani yetu, wanamwajibisha mtoto, wa kiume na wa kike, kumkimu mzazi fukara, lakini wajibu unaanza pale anapokuwa na ziada baada ya masurufu yake na ya mkewe ya siku ile na usiku wake. Fundi cherehani mwenye watoto wanne, ambaye dawa za kiharusi cha baba zinazidi kipato chake cha mwezi, hana ziada hiyo. Sheria ya dini ilishamwachia. Ni sisi, ndugu na majirani, tunaomwambia kwamba ana laana.

Na asiye na ziada akishaachiwa, bili inakwenda wapi? Abu Yusuf, kadhi mkuu wa enzi za Harun al-Rashid, ameandika katika kitabu chake cha kodi kwamba Khalifa Umar bin Khattab alimkuta mzee kipofu, Myahudi, akiomba mlangoni. Umar alimuuliza kilichomfikisha hapo, na mzee akataja jizya (kodi ya wasio Waislamu), mahitaji na umri. Khalifa alimpeleka kwake, akampa kitu kutoka nyumbani, kisha akamwagiza mtunza Baitulmali amwangalie mzee huyo na wenzake wa aina yake, kwa hoja kwamba si uadilifu kuila nguvu ya ujana wa mtu halafu kumtupa uzeeni. Angalia hakuuliza nini: hakuuliza watoto wa mzee wako wapi. Na hakutoa sadaka tu akaendelea na safari. Alichokiona ni deni la hazina ya umma kwa mtu aliyeichangia, na akalitungia utaratibu uliowafikia na wengine. Kwangu hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote za kidini kwa bima ya matunzo, nayo imetoka kwa mtu ambaye hakuna anayeweza kumtuhumu kwa kuiga Ulaya.

Pingamizi la pili ni la watu wa vitendo, na linastahili takwimu. Wanasema: serikali ikianza kulipa, watoto watajitoa. Ni kweli kwa kiasi. Afrika Kusini ina pensheni ya wazee isiyohitaji mchango, ambayo zamani iliwabagua Waafrika na ikasawazishwa kwa wote mwanzoni mwa miaka ya 1990, utawala wa kibaguzi ulipokuwa unafikia mwisho. Robert Jensen, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, alikuta kwamba kwa kila randi moja ya pensheni, watoto walio mbali walipunguza kutuma kati ya senti 25 na 30. Anayesema pensheni haibadilishi tabia ya watoto hasemi kweli. Lakini maana yake ni kwamba senti 70 na zaidi za kila randi zilikuwa nyongeza halisi kwa mzee, na zile zilizopungua zilibaki kwa vijana ambao nao walikuwa maskini. Esther Duflo, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, alifuata pesa zile zile na kukuta kwamba pensheni ikipokelewa na bibi, wajukuu wa kike wanaoishi naye walikuwa na uzito bora. Bibi aliyepunguziwa na watoto wake alikuwa akiwalisha watoto wao. Na si pesa tu: utafiti uliozilinganisha Norway, Uingereza, Ujerumani, Hispania na Israeli, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2005, haukukuta kwamba huduma nyingi za serikali ziliwafukuza watoto kwa wazazi wao. Palipo na huduma, wazee walipata msaada mwingi zaidi kwa jumla, familia na wahudumu wakigawana kazi. Ukiangalia jinsi mtoto anavyochoka, haishangazi. Aliyelala usingizi wa kutosha hurudi kesho.

Basi tuwalazimishe kwa sheria, asema mwingine. Singapore ilifanya hivyo. Sheria yake ya kuwakimu wazazi ilipitishwa mwaka 1995 na kuunda baraza ambako mzazi wa miaka 60 au zaidi anaweza kumshtaki mwanawe. Baada ya miaka 15 waliirekebisha ili pande zote zipatanishwe kabla ya kufika kwenye baraza, na mwaka 2023 wakairekebisha tena, safari hii kuwalinda watoto waliowahi kupigwa au kutelekezwa na wazazi hao hao. Marekebisho hayo yanafundisha kuliko sheria yenyewe. Shuruti ilipofika kwenye nyumba halisi ilikuta historia, na sheria ikalazimika kuuliza nani alimtupa nani kwanza. India nayo, kwa sheria ya mwaka 2007, imeweka kifungo cha hadi miezi mitatu kwa anayemtelekeza mzazi. Siwapingi wanaotaka fimbo hiyo iwepo kwa mtoto mwenye magorofa ambaye mama yake anashinda njaa. Ujerumani imeichonga vizuri zaidi: kuanzia Januari 2020 mamlaka zinaweza kumdai mtoto pale tu kipato chake kinapozidi euro 100,000 kwa mwaka. Wengine wote wameshachangia, kwa sababu tangu mwaka 1995 nchi hiyo ina bima maalumu ya matunzo, inayokatwa kwenye mishahara. Bima hiyo hailipi kila kitu, na wazee wengi wa huko bado wanalalamika, kwa haki. Lakini fundi cherehani wao hana laana ya kuogopa.

Watu watasema hayo ni ya matajiri. Kwetu hali ikoje? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kupata matunzo na msaada unaofaa kutoka kwa familia yake na kutoka kwa Serikali, bila kusema kila upande ubebe kiasi gani. Inua Jamii inampa mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii Aprili 2016, kwa umri huo huo, kwa shilingi 20,000 za Tanzania. Nazisifu zote mbili, na pia nasema ukweli: hizo ni pesa za unga na sukari, hazimgeuzi mtu kitandani. Kuhusu makao ya wazee, wanaodai kuwa si utamaduni wetu wasisahau Sebleni na Welezo, ambako serikali ya Zanzibar imewatunza wasio na mtu kwa miaka mingi bila Uislamu kudhurika. Ila hoja yangu haihitaji makao. Mzee anaweza kubaki chumbani kwake na mfuko ukamlipa anayekuja asubuhi kumwogesha.

Tena sheria zetu tayari zinaamua nani ni familia, kimyakimya, kwenye fomu za bima. Kwa miaka mingi mwajiriwa wa Tanzania Bara aliye kwenye mfuko wa bima ya afya, NHIF, aliweza kuwaandikisha wazazi wake, hata wakwe, kati ya wategemezi wake. Mwenzake wa Kenya, kwenye mfuko wenye jina kama hilo, alihesabiwa yeye, mwenzi wake na watoto wao, na mama akajitafutia kadi yake. Mabunge mawili jirani, katika jamii zinazojisifu kwa heshima ile ile kwa wazee, yalichora duara la ukoo kwa upana tofauti, na sikumbuki mahubiri yoyote juu ya jambo hilo.

Anayesema hatuna uwezo wa kulipa anasahau kwamba tunalipa sasa hivi. Analipa binti, au mkamwana, aliyeacha kazi akiwa na miaka 45 kwa kuwa kaka zake walikubaliana kwenye kikao cha ukoo kwamba "yeye ndiye anayejua kukaa na mama", wakaahidi kutuma pesa, wakatuma miezi mitatu. Mama akifariki baada ya miaka saba, binti ana miaka 52, mgongo unauma, na akaunti yake ya hifadhi ya jamii haina mchango hata mmoja wa miaka hiyo. Yeye ndiye mzee fukara wa zamu ijayo, na huenda hana mtoto wa kumdai. Bima ya Ujerumani inamlipia mtu kama huyu michango ya pensheni, mradi amhudumie mgonjwa nyumbani kwa angalau saa 10 kwa wiki. Hilo tunaweza kulianza kesho na kwa gharama ndogo kuliko kujenga jengo lolote: NSSF iendelee kuandikiwa mchango wa kima cha chini kwa jina lake, kwa uthibitisho wa mganga wa zahanati na mwenyekiti wa mtaa kwamba yuko pale na mama bado yu hai.